Kitambaa Chekundu Nyuma ya Kobe

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Unisamehe kwa kukawia. Tangu ulipohamia kwa kaka Dar es Salaam nasema nitaandika, nitaandika, halafu mtoto analia, ufuta unataka kupetwa, siku imekwisha. Simu najua haisaidii tena. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka majirani wa huku Mbwemkuru wakaitikia, na wewe bado ukawa unauliza, "Nani mwenzangu?" Masikio yamechoka, macho bado yamo. Basi soma.

Ni habari ya Kobe, gari lako la kijani ulilonunua kwa mapadri kabla sijazaliwa. Taa zake za breki zimekufa, na mimi naogopa, Baba. Naogopa kweli.

Unakumbuka zilivyokufa mara ya kwanza, nikiwa darasa la pili? Tulikuwa tunapeleka korosho Nachingwea. Ulinipandisha nyuma juu ya magunia, ukanipa kitambaa chekundu, ukasema, "Nikigonga bati, pandisha. Wewe ndiye taa yangu." Nilijiona mkubwa kuliko mwalimu mkuu. Ukigonga, napeperusha, malori nyuma yanapunguza mwendo, madereva wananipungia. Tulipofika ulininunulia sambusa, ukawaambia watu, "Taa hii haiungui." Miaka yote nimesimulia hadithi hiyo nikicheka. Nimemsimulia hata Zuhura, na mjukuu wako huyo hasahau kitu.

Juzi tulikuwa tunatoka sokoni Ruangwa. Mimi naendesha, mdogo wake Zuhura amepakatwa na wifi hapa mbele, Zuhura mwenyewe yuko nyuma na magunia. Karibu na daraja mbuzi wakakatiza, nikakanyaga breki, nikasikia kishindo. Pikipiki iliyokuwa inatufuata haikuona kitu kikiwaka, ikaingia kwenye bampa. Kijana aliyeiendesha aliinuka akijipangusa vumbi, akasema, "Mama, si ungetundika hata kibatari?" Wifi akacheka. Mimi sikuweza, maana nilikuwa nimeshamwona Zuhura. Ameketi ukingoni, miguu inaning'inia nje, khanga yangu nyekundu mkononi. Kati ya magoti yake na gurudumu la pikipiki pangeenea kiganja tu.

"Nilikuwa nimeishika, mama," akaniambia. "Ila hukugonga bati."

Baba, sikulaumu. Magari yalikuwa machache wakati ule, na wewe ulikuwa na matumbo yetu ya kufikiria. Lakini tangu siku hiyo nikifumba macho naona ile miguu, na sijui kama ni yake au ni yangu.

Tulipofika nyumbani nikaliegesha gari. Nikafanya ulivyonifundisha, kuanzia kwenye rahisi. Fyuzi nzima. Balbu nilizichomoa nikazigusisha kwenye betri, zote mbili zikawaka. Nikazirudisha, Zuhura akasimama nyuma kwa mbali, mimi nakanyaga. "Bado, mama." Nakanyaga tena. "Bado." Nikaingia chini, kwenye ile swichi iliyokazwa kwenye bomba la mafuta ya breki, nikachomoa nyaya zake mbili nikaziunganisha. Taa ya kushoto ikawaka. Kumbe swichi ndiyo iliyokufa. Ukiiruka, umeme unapita.

Ya kulia ikabaki giza. Nikafuata waya wake wa ethi, ule wa kurudisha umeme, mpaka pale unapofungwa kwa bolti kwenye bodi, kona ileile tuliyokuwa tunapanga mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho. Unakumbuka tulivyokuwa tunafagia unga wa salfa kuusukumia kona hiyo, halafu tunamwaga maji tukisema gari limetakata? Bolti imekuwa nyeusi kama sufuria. Waya umeliwa na salfa ile, umebaki uzi. Nikakata palipooza, nikakwangua bati kwa msasa mpaka likang'aa, nikafunga upya. Ikawaka. Nililia kidogo, nimelala pale mavumbini, na mdogo naye akaanza kulia ndani.

Lakini nyaya nikiziacha zimeunganishwa, taa zinawaka muda wote, na taa inayowaka muda wote haimwambii mtu kitu. Fundi wa Nachingwea alikuja kuitazama swichi akasema, "Dada, ukipata nyingine kama hii uniite nije nipige nayo picha." Baba Zuhura anataka niendeshe mchana tu, polepole, kwa sababu ufuta wa watu unatusubiri kijijini Mtua. Nimemwambia Kobe hatoki. Funguo nimezifunga kwenye pindo la khanga. Ananuna, anakula, ananuna tena.

Kinachonitisha zaidi ni hiki. Nikiifungua swichi, mafuta ya breki yatamwagika na hewa itaingia kwenye bomba. Leo sina taa. Nikikosea, sitakuwa na breki. Kazi hiyo ulikuwa unaifanya wewe siku zote. Mimi nilikuwa nakaa juu nakanyaga pedali, wewe chini unasema, "Kanyaga, shikilia, achia." Sikuwahi kuona mikono yako ilikuwa inafanya nini huko.

Zuhura anauliza kama Babu atakuja msimu wa korosho. Nimemwambia Babu anapumzika. Akasema, "Si apumzikie hapa."

Basi naomba kaka ampe dereva wa basi la Nachingwea vitu hivi. Swichi ya breki ya kukaza kwenye bomba, yenye miguu miwili ya kuchomekea nyaya. Nenda dukani Kariakoo mwenyewe, kaka watampa ya magari ya siku hizi naye atashukuru. Washa ya shaba, kile kipete cha kukaa chini yake. Waya mpya wa kutosha kutoka kwenye swichi hadi taa za nyuma. Na karatasi yenye mwandiko wako, namna ya kutoa hewa kwenye breki, mwanzo hadi mwisho, usiruke hata kile unachodhani kila mtu anakijua.

Kitambaa chekundu usitume.

Mwanao,
aliyekuwa taa yako,
Mama Zuhura