Baba, Mzee McPhail na Jiwe la Mwaka Hamsini na Moja

S.L.P. 41,
Mossgrove, Saskatchewan,
Kanada.
9 Februari 1987

Mpendwa Kaka Lorne,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe? Wifi Glenys hajambo? Na mkono wa Kyle umeshaunga, au bado anapanda miti na bandeji yake? Sisi huku tu wazima, ila leo asubuhi baridi ilifika nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na mlango wa nyuma ukagoma kufunguka mpaka Mama alipoumwagia maji ya moto. Wewe katika barua yako ya mwisho ulilalamikia jua. Sikukuhurumia hata kidogo.

Mama amepata meno mapya. Anasema yanamfinya kama viatu, kwa hiyo huyavaa kanisani na kwenye fainali tu.

Baba ndiye wa kukuandikia habari zake. Daktari amesema goti lake litapasuliwa baada ya Pasaka, na baada ya hapo asithubutu tena kupiga goti barafuni kusukuma jiwe. Kwa hiyo msimu huu ndio wa mwisho. Fikiria, kaka: miaka arobaini nahodha wa timu yetu ya kuteleza mawe barafuni, vikombe vimejaa mpaka juu ya friji, na hajawahi hata mara moja kwenda mashindano ya jimbo. Mara saba amefika fainali ya wilaya, mara saba amerudi nyumbani. Na unamjua aliyemrudisha mara nne kati ya hizo, Mzee Hector McPhail wa Dunblair.

Ya mwaka hamsini na moja sidhani umeyasahau, maana tumelelewa nayo kuliko maziwa. Jiwe la mwisho la Baba lilikuwa linateleza sawasawa kuelekea katikati ya duara lililochorwa barafuni, mara likapinda. Baba akala kiapo kwamba McPhail, aliyesimama pale nyuma ya duara, aliligusa kwa mguu akanyamaza. Tangu siku hiyo hajakaa naye meza moja. Kila mchezo ukiisha, walioshinda huwanunulia walioshindwa kinywaji na wote hukaa pamoja, lakini Baba akishindwa na McPhail hutoka nje kupasha moto injini ya pikapu. Saa nzima! Mwaka sabini na tatu aliipasha mpaka petroli ikaisha, tukaburutwa hadi nyumbani kwa kamba ya McPhail huyohuyo.

Na mbwa tuliye naye sasa ni wa tatu kuitwa Hector. Baba hupenda sana kumfokea.

Basi, Jumamosi ilikuwa fainali ya wilaya ya wazee, Baba na McPhail tena. Mpaka raundi ya mwisho walikuwa sare, na limebaki jiwe moja tu, la Baba. Mimi na Mama tulikuwa nyuma ya kioo, roho mkononi. Baba akalisukuma jiwe, kisha akainuka na goti lake bovu akalifuata mbio, akampiga kikumbo Mjomba Nestor, mfagiaji wake wa tangu zamani, na kuanza kulifagilia barafu mwenyewe ili lifike mbali kwa ule ufagio wake wa nyasi ambao watu wengine wote waliuacha zamani. Jiwe likatua katikati kabisa. Mama akanirukia kwa furaha, meno yakamtoka yakaanguka ndani ya mkoba wangu.

Lakini mimi niliona, kaka. Jiwe lilipokuwa linakaribia kusimama, nyasi za ufagio wa Baba zililigusa. Hakuna mwingine aliyeona. Na kwenye mchezo wetu kugusa jiwe linaloteleza ni kosa, ila hakuna refa wa kukukamata, aliyegusa ndiye husema mwenyewe. Mungu anisamehe, niliomba Baba asiseme. Mama alinitazama usoni akaelewa, akabandika mdomo kwenye kioo. "Nyamaza, Baba Lorne. Nyamaza, mara hii moja tu."

Baba akavua kofia. Sauti yake ikatufikia mpaka nyuma ya kioo: "Nimeligusa."

"Una hakika, Walter?" McPhail akamuuliza.

"Ningekuwa sina hakika, saa hizi ningekuwa nacheza dansi."

Nahodha wa upande wa pili ndiye huamua, jiwe libaki au litoke. McPhail hakufikiria sana. Alilisukuma nje kwa mguu, jiwe lake yeye likahesabiwa kuwa la karibu zaidi na katikati, akawa ndiye wa kwenda Saskatoon kwenye mashindano ya jimbo. Mimi nililia. Mama alitukana kwa Kiukreni, maneno ambayo sikujua kama anayajua.

Baba aliwapa mkono McPhail na wenzake bila kuwatazama, akaingia ukumbini tulipokuwa, akatoa ufunguo wa pikapu. Hapo Mjomba Nestor akaenda kusimama mlangoni.

"Shemeji, usitoke. Ukitoka leo nitakufa na jambo hili moyoni. Hamsini na moja hakuwa McPhail. Ni mimi. Ni ufagio wangu uliogusa."

Ukumbi mzima ukamgeukia. Mjomba Nestor, kaka! Miaka thelathini na sita anakula kwetu kila Jumapili, na kati ya tonge na tonge anamlaani McPhail kwa sauti kuliko Baba mwenyewe!

Nilidhani Baba atampiga. Alisimama na ufunguo wake mkononi, masikio yamemwiva. Kisha akageuka, akaenda polepole mpaka mezani kwa McPhail.

"Hector, nimekusingizia miaka thelathini na sita."

"Najua. Nilimwona Nestor."

"Ulimwona! Sasa mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia saa ngapi, Walter? Kila nikikununulia kinywaji, wewe uko nje unapasha pikapu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba akavuta kiti, akakaa, akanywa wiski ya McPhail. Pikapu tuliikuta imeganda, na hakuna aliyejali.

Jana Mjomba Nestor alikuja kula kama kawaida, maskini, kichwa kimeinama. Mama alimpa perogi tatu tu za kujazwa viazi, bila krimu. Tulipokuwa mezani mlango ukagongwa, kumbe ni McPhail, aliyekuwa hajawahi kukanyaga kwetu. Alibaki amesimama na glavu mkononi, akasema kanuni zinamruhusu kuwa na mchezaji wa tano wa akiba huko Saskatoon, na kwamba hamtaki mwingine ila Walter Prystupa.

Baba akaweka uma mezani, akainuka. Kabla hajajibu, mbwa akatoka jikoni, akamnyakua McPhail glavu yake na kuingia nayo chini ya meza.

"Mbwa mzuri," McPhail akasema. "Anaitwa nani?"

Mjomba Nestor akazama kwenye sahani yake. Mimi nikaitazama dari. Mama akadakia upesi, "Bobi!"

Baba akamtazama mbwa, akamtazama Mama, akamtazama McPhail. Uso ulikuwa uleule wa Jumamosi alipovua kofia, nami nikajua safari ya Saskatoon imekwisha.

"Anaitwa Hector," akasema. "Na wawili waliomtangulia pia waliitwa Hector."

McPhail aliinama, akamkuna mbwa nyuma ya sikio kwa muda mrefu.

"Ukimwita anakusikia?"

"Hajawahi."

"Basi jina ni lake kabisa. Gari la Saskatoon linaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, Walter. Usichelewe, na huo ufagio wako wa nyasi uuache nyumbani."

Sasa hivi ninapoandika, Baba anapiga pasi sweta ya kijani ya Dunblair, rangi ambayo wewe na mimi tulikatazwa kuvaa hata soksi zake. Mama anakusalimu sana. Mjomba Nestor anakusalimu na anaomba usimchukie. Krimu amerudishiwa leo. Baba anasema lile alilotufundisha tukiwa wadogo, la kutema mate tukipita shamba la McPhail, uliache, na kama umewarithisha watoto uwakataze leo hii. Msalimie Wifi Glenys, mbusu Kyle na mdogo wake Marnie. Mungu awalinde na jua lenu, atulinde na sisi na baridi yetu, na amfikishe Baba Saskatoon salama.

Ndimi mdogo wako akupendaye hata usipojibu barua,

Doreen