Sista Aliyebeba Kuni

Mjukuu wangu Mwanahamisi,

Marahaba. Sisi hapa Kwaluguru wazima, na mahindi yanatoa mbelewele.

Unauliza kama urudi nyumbani, uwaache hao masista mnaouguza nao majeruhi wa vita, kwa kuwa wagonjwa hawawaamini ninyi.

Wakimbizi wa Somalia walipoletwa huku Handeni, nilikuwa mama kijana. Waliukataa uji wa sista mmoja, wakihofia si halali. Hakubishana. Alinikabidhi mwiko: "Pika wewe, Mwislamu mwenzao. Mimi nitaleta kuni."

Wakanywa. Yeye hakuna aliyemshukuru. Kesho yake nilimkuta ameshafika, mzigo kichwani.

Usirudi, mwanangu. Mwiko mpe mtu wanayemwamini. Kuni beba wewe.

Bibi yako,
Mwanaidi