Wifi Kaja Kusukwa

Shoga, upo? Nimekasirika, acha tu!

Si ulinisikia asubuhi kwenye maombi? "Bwana, najikana, mapenzi yako, si yangu." Basi Bwana hakuningoja hata ninywe chai.

Nafika saluni, nani kakaa mlangoni? Wifi! Yule yule aliyeniita mchawi mbele ya watu kwenye msiba wa mume wangu.

"Nisuke, wifi. Kesho nafanyiwa upasuaji, na mkono wako hauumizi."

Mkono wangu hauumizi! Mchawi mimi!

Nilitaka kumfukuza, shoga, naapa. Nikamsuka. Akasinzia, kichwa kwenye goti langu. Samahani hajasema mpaka sasa.

Kesho nampeleka hospitali. Hasira ninazo bado.

Niombee, lakini yale maneno yangu ya asubuhi usiyarudie.