Bunduki ya Baba Gacheri

Timau,
Agosti 1998

Kwa dada yangu mpendwa Rwamba,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini wewe na watoto hapo mtaani Dallas, Embu, hamjambo, na mguu wa mama umepata nafuu. Sisi ni wazima wa mwili. Kwa roho siwezi kusema hivyo.

Ulisikia kwamba wezi wenye bunduki walichukua ng'ombe wa jirani yetu Mbaka, na mwanawe akauawa akiwafuata. Polisi walifika baadaye, wakasema gari lilikosa mafuta. Tangu hapo mume wangu, Baba Gacheri, hakutulia. Alinunua bunduki kwa watu asiotaka kuwataja, akaificha darini.

Chifu akaitisha baraza, akatangaza kwamba atakayesalimisha silaha kwa hiari hatashtakiwa. Baba Gacheri alisimama akauliza ni mwizi gani atasikia tangazo hilo, na mtu akivamiwa ajitetee kwa mwiko? Watu walimpigia makofi. Mbaka akasema kwamba kama yeye angekuwa na bunduki siku ile, labda angezika watoto wawili badala ya mmoja. Hakuna aliyepiga makofi. Lakini mimi maneno hayo yalikataa kunitoka kichwani.

Wiki iliyopita, asubuhi ya ukungu, mzee Muthamia aliingia bomani akiturudishia ndama wetu aliyepotea. Unajua hasikii vizuri. Baba Gacheri aliuliza ni nani, akauliza tena, hakujibiwa. Akafyatua. Risasi ilimkosa mzee, ikamwangusha ndama. Muthamia alisimama tu ameshika kamba, akauliza, "Kwani nimekosa nini?"

Nilidhani mambo yataishia hapo. Kumbe siku hiyo hiyo bwana wangu aliketi akiipaka bunduki mafuta, akaniambia, "Siku nyingine nitalenga vizuri."

Rwamba, leo ameenda Meru. Nimeitoa darini, nikaifunika kwa viazi kikapuni, nikaipeleka kwa chifu. Aliponiuliza ni ya nani, nilisema ni yangu. Baba Gacheri bado hajui. Tangu nirudi siwezi kukaa kitako, naingia, natoka. Wezi wakija, nitawaambia nini watoto? Hata hivyo, ningerudishiwa sasa hivi, ningeipeleka tena.

Akinifukuza, nitakuja kwako na watoto. Tutafutie pa kulala.

Nisalimie mama, aniombee bila kuuliza sababu. Mbwa wanabweka langoni, na sijui kama ni Baba Gacheri.

Mdogo wako akupendaye,
Wambeti