Mifarishi Arobaini na Mgonjwa Mmoja

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako maana hapa kwangu Kochkor amani imetoweka, mume wangu Temirkul amerudi kutoka Moscow baada ya miaka kumi na moja ya kubeba saruji, amerudi na mapafu mabovu, daktari ameniambia pembeni kwamba majani yakianza kupukutika tusimtarajie, naye anachotaka ni tukodi lori tuhamie malisho ya juu alikokulia, yeye, mimi na binti yetu Nurzada, tukae kiangazi kizima kwenye hema la sufu tukinywa maziwa ya farasi, basi, lakini fedha tulizobaki nazo nilizitenga za kununua mahameli ya kumshonea Nurzada mifarishi ya kulalia, anaolewa mwakani, na unajua akina mama wakwe wanavyohesabu mlundo wa mifarishi anaokuja nao bibi harusi kabla hata ya kumtazama usoni, nimeshashona arobaini, nataka ifike hamsini, imefika darini, haijalaliwa hata mmoja, juzi mgongo ulimuuma Temirkul akaniomba mmoja nikamwambia, "Hiyo ni ya wageni, baba Nurzada," akacheka, akakohoa, akasema, "Na mimi ni nani humu? Miaka kumi na moja nimelala hapa mara ngapi?" je, nimekosa?

Burulcha

Burulcha mdogo wangu,

Pole. Naitanguliza pole kwa sababu nikianza kukugombeza sitanyamaza. Umekosa, ndiyo.

Mama yangu aliniachia mifarishi sitini. Sikumbuki rangi ya hata mmoja. Nakumbuka siku aliyoteleza akikamua farasi, akakaa kwenye matope na ndoo kichwani, akacheka mpaka kitambaa kikamvuka. Hilo ndilo ninalolia nalo hadi leo.

Mama mkwe akikuta arobaini badala ya hamsini atabetua midomo, kisha atakula nyama yako na kwenda zake. Nurzada atakosa mahameli, hatakufa. Lakini baba hashonwi.

Kodi lori wiki hii, njia ya mlimani imeshafunguka. Nurzada aache cherehani, akae karibu na babake amsikie akisimulia. Mgonjwa asisikie neno gharama kinywani mwako. Na leo, kabla hujateleka chai, shusha mfarishi wa juu kabisa, ule mzuri kuliko yote, umtandikie.

Taratibu zetu unazijua. Siku ya msiba watu watakuja kutoka kila bonde, na mlundo wote utashushwa walalie. Usikubali wao wawe wa kwanza.

Dada yako mshauri, Saikal