Mama wa Kumzaa

Hospitalini, Dar es Salaam

Mdogo wangu Nyamizi,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Hujambo mwili? Ule mkono ulioungua ukikausha tumbaku umepona? Shemeji yangu na watu wa Usoke wazima? Mimi mzima, nalala chini kando ya kitanda cha Saidi. Nasikia umehitimu kisomo cha watu wazima, basi barua hii isome mwenyewe, usimpe mtu.

Mafigo ya Saidi yamekufa yote mawili. Uso umevimba, viatu havimwingii. Daktari anasema serikali inaweza kumpeleka nje akawekewe figo la mtu mwenye afya, lakini mtu huyo awe wa damu yake, atoe kwa hiari. Yule mtoaji ataishi na lile moja linalobaki. Hapa kila mtu ni ndugu: ndugu daktari, ndugu mfagizi, hata mimi naitwa Ndugu Tatu. Ndugu wa kutoa figo ndiye hayupo.

Daktari aliniuliza, "Wewe ndiye mama yake?"

"Ndimi."

"Mama wa kumzaa?"

"Ndugu daktari, kwetu mtu haulizwi hivyo. Nimemlea, ananiita mama, unataka nini tena?"

Akacheka, akaandika. Nikatoa damu, tukangoja majibu wiki mbili. Damu yangu imekataa. Akauliza kama kuna mwingine wa damu moja naye. Nikasema hakuna. Nyamizi, nilikaa siku nne na uongo huo mdomoni, mtoto anatapika mbele yangu. Niliona bora nibaki na jina la mama. Naona aibu hata kukohoa humu wodini.

Jana nikamwambia daktari ukweli. Leo namwambia Saidi, maana anayeniandikia ni yeye, na hapa kalamu imesimama.

"Niandike na hiyo, mama?"

"Andika. Andika Nyamizi ndiye aliyekuzaa, kabla hajaolewa, nami nikakuchukua ulipoacha ziwa."

Na hili pia aandike. Watu niliwaambia nakusitiri wewe, mdogo wangu. Uongo. Wangu watatu walikuwa wamekufa, nikamtaka huyu. Siku ya arusi yake ulimwita "mwanangu", nikakutoa jikoni kama mwizi. Neno ambalo mama mdogo yeyote hulisema, wewe nilikunyima.

Sikuagizi figo kama naagiza asali. Fikiri, zungumza na mumeo. Kama hajui habari ya mtoto huyu, nitakuja nimweleze mimi, matusi yake yanipate mimi. Ukikataa, nikirudi nitakuja kukusalimia vilevile. Ila ukikubali usikawie, uso wake kila asubuhi umezidi kuvimba.

Saidi ameandika yote haya. Sasa anasema niseme hivi: kama unakuja kwa ajili ya figo tu, usije. Kama unakuja kumwona, njoo hata kama figo hutoi. Nimemgombeza, mgonjwa gani mwenye kiburi hivi. Hakufuta.

Nisalimie shemeji. Ukipita Ipuli, msalimie mkewe Saidi na wale watoto wawili, wajukuu zako.

Anauliza bahasha aandike "Mama mdogo Nyamizi" kama siku zote. Nimemwambia hilo "mdogo" aliache.

Ni mimi dada yako,
Tatu