Kwa yaya mwenye alikohoa ndani ya filime

Yaya Fostin, kaka yangu, ulikuwa umesimama pembeni ya télé, micro kwa mukono, na ukakohoa. Batu bote bakapasuka na kicheko.

Mbele ya hapo balikuwa banalalamika. Ciné yetu ya mutaa ya Mangobo, ile nyumba ya kuonyesha filime, ilizoea filime ya kupigana, na ile siku uliweka ile ya zamani, ya bale journaliste wawili benye banafuata wizi ya bakubwa ba serikali. Filime inasema kifaransa, wewe unageuza kwa swahili yetu. Kijana moja akauliza: "Banapigana saa ngapi?" Ukamujibu ndani ya micro: "Papa, hapa banapigana na telefone. Ngoja, damu itatoka kwa sikio."

Bon, mukubwa ya filime akatokea kusema hajue kitu. Ukamupatia sauti ya mukubwa yetu ya hapa. Ule kikohozi yake ya kiburi, kisha pole pole: "Population yangu, ile pesa ya daraja, hata mimi niko naitafuta." Jina hukutaja. Mama wa kuuzisha makemba, ile ndizi ya kupika, alicheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka. Mimi niliona mutu moja wa viatu ya kungaa mwenye alikaa kwa banc ya mbele. Hakucheka. Akatoka filime haijaisha.

Nilikuambia kwa njia, tukirudi nyumbani. Ukasema: "Mudogo, nilikohoa tu. Kukohoa iko makosa?"

Bale batu ba mukubwa balipofika nyumbani na moto yao, ile pikipiki, balisalimia Mama muzuri, bakakunywa maji yake, bakauliza mutu wa kukohoa analala wapi. Ulikuwa nyuma ya nyumba. Nikakubeba kwa kinga yangu ya toleka, baiskeli yenye nabeba nayo batu kwa pesa, mpaka ku beach ya mutoni, kwa pirogue, mutumbwi ya batu ba Isangi. Njia yote uliongea filime. "Uliona bale wawili? Habana bunduki. Banauliza tu. Huyu akifunga mulango, banaenda kwa mwingine." Mimi nilikuwa nageuka kuangalia kama moto yao inatufuata.

Sasa uko Yahuma, banasema unalima mihogo. Hapa, nikiongea inje, Mama anatoka mbio. Anazania ni wewe. Sauti yetu iko moja, hata Papa alikuwa anatukosea majina.

Donc ni hiyo sauti banataka. Jana journaliste moja wa hapa alikuja, kijana ya heshima. Bale batu ndio balimutuma. Akasema mukubwa anakubali urudi, hakuna mutu atakugusa, kama radio inapitisha sauti yako unaomba pardon, na unasema ni mupinzani yake mwenye alikulipa ukohoe.

"Yaya hayuko," nikasema.

"Najua. Lakini wewe uko. Kwa radio hakuna mutu anaona sura."

Mama akanishika mukono. "Sema, mutoto yangu. Iko maneno tu. Yaya yako arudi."

Nikamuuliza ule journaliste kama aliona filime. Akaangalia chini. "Niliiona nikiwa kijana. Ni yenyewe ilinipeleka kwa hii kazi." Akasimama kwenda. "Mudogo, niko na batoto." Akasema atapita leo kunichukua.

Saa ingine nakukasirikia, yaya. Ungeweka filime ya kupigana, tungekuwa tunakula pamoja. Nikisema bile banataka, utarudi, na ule mupinzani mwenye hakufanya kitu atafungwa juu ya kikohozi yako. Nikikatala, Mama atanichukia pole pole. Mimi sikusoma, sijue mutu anapima aje vitu kama hivi. Lakini nilifikiri wewe kule, kwa radio ya jirani, unasikia sauti yako mwenyewe inaomba pardon. Ungezania kichwa inaharibika. Ukisikia kitu kama hiyo, haiko mimi.

Naacha kuandika. Moto yao inalia kwa kona, na Mama iko anapasi chemise yangu, muzuri kabisa, kama ya kwenda misa. Barua nitapatia mwenye pirogue. Napita na nyuma, na kinga, bila kuaga, juu Mama akiniomba mbele yao, sitaweza kukatala.

Mudogo yako